UZI: Usiku wa kusikiliza maji, wodi ya "changamoto ya upumuaji" 2021

Nesi wa Naiti:

Wakuu habari za saa hizi. Humu mimi ni msomaji tu miaka yote, leo niko ofu, mtoto kalala, nikasema ngoja niandike hiki kitu kabla hakijafutika kichwani.

Niweke wazi kabisa, mimi ni nesi sio daktari, niko hospitali moja ya serikali hapa Dar, jina naweka kapuni maana bado nakula ugali wao.

Kila zikiletwa habari za corona na wahudumu wa afya naona zile picha za madaktari wa Italia wamevaa magauni meupe kama wanaenda mwezini, watu wanawapigia makofi madirishani. Sawa, walistahili. Sisi makofi hatukupigiwa, na cha kuchekesha 2020 ndio WHO walikuwa wameutangaza kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, miaka 200 tangu azaliwe Florence Nightingale, sisi tulishachangishana tukanunua mpaka vitenge vya sare vya Mei 12. Changu kipo kabatini mpaka leo hakijashonwa.

Nataka kuongelea oksijeni, na mzee mmoja tuliyekuwa tunamwita Mzee Mitungi.

Mnakumbuka mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, Arusha. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikagota pale kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, hazikusogea tena, Juni tukatangaziwa imeisha kwa maombi. Sitaki siasa, mods wasije wakauhamishia huu uzi kule jukwaa la siasa kwenye mapanga. Nachosema ni kwamba sisi zamu tuliendelea kuingia. Januari na Februari 2021 ikarudi kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, na kwa kuwa haikuwepo ikawa haina jina. Kwenye faili inaandikwa nimonia kali. Ndugu wanaambiwa changamoto ya upumuaji. Sisi wenyewe tukipigiana simu tunasema "leo umepangwa wapi?" "changamoto". Unaweza kucheka, ila jiulize unaombaje vifaa kinga vya kitu ambacho hakipo, unaandika nini kwenye fomu ya stoo? Nilikuwa na barakoa za N95 nne, kila moja kwenye bahasha yake ya kaki nimeandika siku kwa biki, nazizungusha mpaka ule mpira wa sikioni unakatika, nafunga fundo, maisha yanaendelea.

Sasa kwa wasiojua mambo ya wodini. Mtu anakuja unamwekea kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu kinasoma 70, wewe hapo ulipo uko 96, 97. Unamfunga maski yenye mfuko, lita 15 kwa dakika. Mtungi mkubwa unabeba kama lita 6800. Gawanya mwenyewe. Saa saba na nusu hivi. Naiti yetu inaanza saa moja na nusu usiku, kwa hiyo mtungi uliofungwa mpya wakati mnakabidhiana ripoti unakata saa tisa usiku, na saa tisa usiku ndio muda ambao hata kama umekunywa kahawa ya chupa nzima macho yanajifunga yenyewe.

Mitungi ina geji lakini geji zetu nyingine zilishakufa, mshale umeganda palepale mwaka mzima. Ikabidi tuwe tunasikiliza. Oksijeni kabla haijamfikia mgonjwa inapita kwenye kichupa cha maji, na ikipita yale maji yanatokota, blu blu blu. Usiku wodi nzima inatokota kama banda la mama ntilie. Ukishazoea unaweza kuwa kitanda cha pili unatafuta mshipa wa mtu ukasikia cha tisa kimepunguza. Kikinyamaza unakimbia. Hofu yangu mimi ilikuwa hiyo, kunyamaza kwa kichupa ambacho sijakisikia.

Naandikia simu, nakuja na Mzee Mitungi.

Bonge la Mwenge:

Usitupe arosto mkuu, nimekaa paleee na karanga zangu.

Mtumishi Hewa:

Sio mkuu huyo, ni dada. Endelea sista.

Mkuki wa Bibi:

Mnaanza tena hadithi za mabeberu. Corona ilikuwa biashara, mbona sisi hatukufa kama wazungu? Nyungu ilimaliza kila kitu.

Nesi wa Naiti:

@Mkuki sibishani na wewe. Nyungu kwetu ilipigwa, mama yangu alikuwa anachemsha mchaichai, mkaratusi, malimao na tangawizi kila Jumapili, ananifunika blanketi nipende nisipende, na kulikuwa na raha yake. Ila nimewahi pia kumpokea mtu ambaye sufuria lilimmwagikia mapajani akiwa ndani ya shuka, akawa ana mapafu na ana moto. Kama ni biashara basi njoo siku moja usukume toroli uone faida.

Haya, Mzee Mitungi. Alikuwa kibarua, umri unagonga sitini, kazi yake kutoa mitungi stoo kuleta wodini na kurudisha mitupu. Toroli lake tairi moja lilikuwa bovu, linalia kwiii kwiii kuanzia mwanzo wa korido, na mgonjwa akiusikia ule mlio unaona kabisa mabega yanashuka. Mtungi mzito ule, vijana wawili wanahangaika nao. Yeye anaulaza kidogo anauzungusha kwa kitako chake, unatembea nao kama wanacheza, anauegemeza ukutani, anapiga mnyororo, spana hiyo kutoka mfukoni. Barakoa yake ya kitenge alishonewa na mkewe. N95 alipewa mbili toka mwanzo mpaka mwisho, moja akampa binti yake mwenye genge sokoni kwa sababu "yule anaongea na watu wengi kuliko mimi".

Alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Hakuna aliyemfundisha. Anaandika kitanda cha nne, umefungwa saa 2:10, utaisha 9:40. Saa tisa na robo ameshaegesha mwingine mlangoni anasubiri amekaa juu ya ndoo. Daktari wa zamu akitaka kujua hali ya oksijeni ya wodi hamuulizi inchaji, anauliza daftari.

Dawa tulikuwa nayo, tusijidharau. Juni 2020 Waingereza walitoa majibu ya jaribio lao la deksamethasoni, kwamba kwa mgonjwa aliye kwenye oksijeni inapunguza vifo, na deksa ni kitu cha bei ya soda, kipo stoo toka enzi. Hiyo, na kulaza watu kifudifudi. Kumgeuza mzee wa kilo mia na mipira yake usiku mko wawili ni shughuli, mnahesabu moja mbili tatu na kumwomba radhi mara kumi.

Nyumbani sasa. Naishi na mama, ana sukari na presha, na mtoto alikuwa na miaka minne. Asubuhi nikitoka sare inaingia kwenye kiroba, navaa dera, maana kwenye daladala ukionekana na sare ya nesi siti ya pembeni inabaki wazi mpaka Mbagala, ambayo wakati mwingine nakiri nilivaa makusudi ili nikae kwa nafasi. Nikifika naoga bafu la nje, nguo kwenye beseni la jiki, mtoto anafungiwa ndani analia ananiona dirishani. Siku moja alitoka akanikumbatia miguu nikamsukuma. Nilimsukuma kweli, akaanguka. Alikuwa haelewi, na mimi sikuwa na la kumwambia, mama akambeba akaingia naye ndani hakunisemesha mpaka mchana.

Kijana wa Biharamulo:

Dah, hapo kwenye mtoto umenigusa. Sisi Kagera Machi 2023 ilivyoingia Marburg, waliougua 9 wakafa 6, na mmoja wa waliokufa ni mhudumu wa afya. Mke wangu yuko zahanati, wiki ile alilala stoo ya mahindi kwa hiari yake, chakula nampelekea naweka chini narudi nyuma hatua kumi ndio anatoka. Tunacheka sasa hivi ila hatukucheka.

Kifungua Mimba:

Sista samahani sana, sitaki kuharibu uzi. Mama yangu alilazwa Februari 2021, sitaji wapi. Jioni tuliondoka anaongea, ametuagiza uji wa ulezi. Asubuhi tukaambiwa amepumzika. Ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pembeni alitwambia usiku mtungi ulihamishwa. Nimekaa na hilo neno miaka yote. Nauliza tu kwa mtu aliyekuwepo ndani, huwa inatokea?

Nesi wa Naiti:

@Kifungua Mimba nimesoma hii nikaweka simu chini, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Pole sana ndugu yangu. Sijui ilikuwa hospitali gani na hata ingekuwa yetu nisingekuwa na uwezo wa kukwambia ni yeye. Ila umeuliza kama inatokea. Inatokea.

Sikutaka kuiandika hii. Usiku mmoja gari la mitungi halikuja, tuliambiwa foleni kule kiwandani ni ndefu, hospitali zote ziko kwenye mstari. Mzee Mitungi akaja bila toroli, nikajua. Akafungua daftari akanionyesha kwa kidole, hakusema. Mtungi mmoja mzima, vichupa viwili vinaelekea kukata, baba mmoja na mama mmoja. Daktari akaja, kijana intani, macho mekundu, akapiga simu kwa bosi wake, akapiga kwingine, akarudi akasema tuunge mpira wa njia mbili tugawe. Tukagawa. Yule baba akasoma 78, yule mama 74, wote wanatapatapa, hakuna aliyetosheka. Nusu saa. Kisha intani akasema neno moja tu, jina la mmoja wao, na mimi ndio nilibana mpira wa yule mwingine.

Hakuwa peke yake. Hilo naweza kukuapia. Mzee Mitungi alikaa juu ya ile ndoo yake pembeni ya kitanda akamshika mkono na ile mikono yake ya grisi, anamsomea dua taratibu, mimi nikamshika upande wa pili. Gari lilifika saa kumi na mbili kasoro. Yule tuliyemwachia mtungi aliruhusiwa baada ya siku kumi na tisa, ndugu zake walileta soda kreti mbili, na mimi sikuweza kunywa.

Kama mama yako alikuwa kwenye wodi ya watu kama sisi basi kuna mtu bado anamkumbuka kwa namba ya kitanda. Sina kingine cha kukupa.

Kifungua Mimba:

Ahsante sista. Nilikuwa nataka mtu aniambie inatokea. Wote walikuwa wananiambia ni maneno ya wodini.

Bonge la Mwenge:

Karanga nimeweka pembeni.

Mganga Kisumu:

Salamu kutoka huku Kenya. Mimi ni klinikal ofisa. Sisi jina lilikuwako na takwimu tulisomewa na waziri kwa TV karibu kila siku, kwa hivyo hilo la "changamoto" linanishangaza. Shida yetu ilikuwa pesa. Watu walichukuliwa kwa kandarasi fupi, wakarushwa kwa vituo vya kutenga wagonjwa, mshahara hakuna. Desemba 2020 akafariki daktari kijana wa miaka 28, alikuwa hajalipwa miezi kadhaa, na mtoto mchanga nyumbani. Tarehe 21 mwezi huo huo madaktari wakagoma. Na hapo tayari sakata ya manunuzi ya KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali, ilikuwa imelipuka tukaanza kusikia kuhusu mabilionea wa Covid. Mimi nilikuwa nashona gauni kwa karatasi ya plastiki ya kufunika nyanya. Kafyu ni saa moja jioni, zamu inaisha saa moja jioni, ni wewe na polisi barabarani unaonyesha kitambulisho na mikono juu.

Mtu wa Butembo:

Miye ni wa Butembo, Kongo, nilikuwaka infirmié, ni kusema nesi, wakati ya Ebola. Sista, huku ugonjwa ulikuwa na jina sana, na njo jina lilileta vita. Ilitangazwa tarehe 1/8/2018 mpaka 25/6/2020, watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Watu walisema ni sisi tunaleta Ebola juu ya kula pesa. Walichoma vituo, Katwa na hapa kwetu, na Aprili 2019 wakaingia hospitali ya université wakamuua daktari wa WHO, Mkameruni. Nilipata chanjo, kwa hiyo ugonjwa sikuuogopa sana. Niliogopa majirani. Natoka nyumbani nimevaa kama mtu wa kuuza makala, bluzi nyeupe iko chini ya makala kwenye kikapu.

Mtumishi Hewa:

Hii comment ya Butembo ilistahili uzi wake. Ila jamani wahudumu wa afya walikufa wengi, WHO walikadiria kati ya 80,000 na 180,000 dunia nzima, kuanzia Januari 2020 mpaka Mei 2021.

Nesi wa Naiti:

@Mtumishi sijui kama kwenye hesabu hiyo wabeba mitungi wamo. Ndio nilikuwa naelekea huko.

Machi 2021, wiki ileile nchi iko kwenye msiba wa rais, Mzee Mitungi akaanza kukohoa. Akakataa kulala, anasema ni vumbi la stoo. Siku ya tatu toroli likalia kwiii likakata katikati ya korido, tukatoka tukamkuta ameliegemea anahema kama aliyekimbia, midomo ya bluu, 81. Tukamlaza kitanda cha sita.

Nimewauguza wagonjwa wasumbufu lakini yule mzee mh. Hatulii kifudifudi, anataka alale upande ambao anaona mtungi wake. Kijana wa muda aliyewekwa kwenye nafasi yake akiingia anamfuata kwa macho, anamwonyesha kwa kidole mnyororo haujabana. Usiku wa pili nikapita nikakuta maji ya kichupa chake yanatokota kinyonge, nikadhani mtungi umekata, kumbe amenyoosha mkono mwenyewe amepunguza mpaka lita sita. Nikamgombeza. Akavuta maski pembeni akaniambia, "Huu haufiki asubuhi sista, na kitanda cha nane ni mama wa watoto." Nikarudisha 15. Nikageuka, nikasikia kimepunguza tena. Ilibidi tumsogeze mtungi kichwani kwa nyuma asiufikie, na ule usiku nilikaa kwenye ile ndoo yake na daftari lake, naandika kama anavyoandika yeye, maana huyo kijana wa muda alikuwa hajui.

Alipona. Wiki tano. Akarudi kazini amekonda, anasukuma toroli anapumzika kila milango miwili, tairi lilelile. Mwaka huo ikabandikwa karatasi ya posho ya mazingira hatarishi, tukajazana ubaoni kutafuta majina. Lake halikuwepo, vibarua hawako kwenye mfumo. Tulichanga, akachukua kwa aibu, akanunua kuku.

Mkuki wa Bibi:

Mimi nilikuwa nachokoza tu huko juu. Na chanjo je, ulichanja au mliwachanja wenzenu tu?

Nesi wa Naiti:

Swali zuri na nitakuwa mkweli. Shehena ya kwanza ya Janssen ilifika Julai 2021, dozi milioni moja na kitu, mama Samia akachanjwa tarehe 28 mbele ya kamera, na sisi wa afya tukawa kundi la mwanzo pamoja na wazee na wenye magonjwa sugu. Mimi nesi, ninayechoma watu kila siku ya Mungu, nilizunguka wiki nzima natafuta sababu. WhatsApp ilikuwa imeshanila ubongo. Nilichanjwa baada ya kumwona mama yangu na presha yake ametangulia kwenye foleni na kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani.

Bonge la Mwenge:

Mzee yuko wapi sasa hivi? Kama kuna namba ya kumchangia weka, nusu ya humu tutatuma.

Nesi wa Naiti:

Namba siweki, hataki. Yuko Chanika anafuga, kifua kikibana wakati wa mvua ndio anatulia. Juzi nilimpigia kumwomba ruhusa ya kuandika haya, akasema andika ila usiseme nililia, sijui alilia lini.

Akaniulizia wodi. Nikamwambia siku hizi mambo yamebadilika, zile trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO watu wanajua zilijenga madarasa tu lakini na mitambo ya oksijeni hospitalini ilijengwa, na sisi tunao, bomba zinapita ukutani unachomeka tu kama umeme. Akafurahi, akauliza maswali mengi ya ufundi ambayo sikuyajua. Halafu kimya kidogo, nikadhani simu imekata.

"Na umeme ukikatika?"

Jenereta lipo mzee.

"Na mitungi mmeiacha mingapi?"

Sita, iko kona ya mlangoni.

"Imefungwa mnyororo?"

Nikaenda kuangalia.